Pleti ya NAD ikigoma: anzia kwenye mwanga, rudi nyuma hadi kwenye seli

Kipimo cha NAD, molekuli inayobeba elektroni ndani ya seli, tunakifanyia kwenye pleti ya plastiki yenye visima vidogo na kukisoma kwa mwanga. Kikikataa, wengi hukimbilia kulaumu seli. Wanahesabu upya, wanaotesha upya, wiki inakatika, kumbe kosa liko kwenye chupa ya besi au kwenye joto la chumba. Nafanya kazi hii Dodoma, kwenye maabara ambayo mchana wa Novemba inavuka nyuzi 30 na asubuhi ya Julai tunaingia na masweta. Karibu kila tatizo nililowahi kulimaliza nililipata kwa kuanzia mwisho wa kipimo, yaani kwenye mwanga wenyewe, nikarudi nyuma hatua moja moja mpaka kwenye seli. Nimeupanga mwongozo huu kwa njia hiyohiyo.

Mashine inaona nini hasa

Mashine haioni NAD. Inaona mwanga, na kati ya mwanga huo na seli zako kuna hatua tatu. Kwanza, kimeng'enya cha mzunguko kinageuza NAD+, yaani NAD isiyobeba elektroni, kuwa NADH, ileile ikiwa imezibeba. Pili, reduktasi inaitumia NADH kuibadilisha lusiferini iliyofungwa kuwa lusiferini huru. NADH hapo inarudi kuwa NAD+, na mzunguko unaanza tena. Tatu, lusiferasi, kimeng'enya chenye asili ya kimulimuli, inaichoma lusiferini huru kwa ATP, molekuli ya nishati ya seli, na oksijeni, na kisima kinawaka. William McElroy alionyesha mwaka 1947 kwamba mwanga wa kimulimuli unahitaji ATP. Katika kipimo chetu ATP imeshawekwa tele ndani ya kitendanishi, ule mchanganyiko wa vimeng'enya na lusiferini tunaoutia kisimani, ndiyo maana ATP ya kwenye seli haibadilishi hesabu.

Kiungo chochote kati ya hivyo vitatu kikilegea, namba inashuka, na namba iliyoshuka haikwambii ni kipi. Kwa hiyo kwenye kila pleti naweka visima vitatu ambavyo sikubali viondolewe hata sampuli zikiwa nyingi: kimoja cha bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) na kitendanishi bila seli, kimoja cha NAD+ ya kiwango ninachokijua, nanomola 100, na kimoja cha sampuli yangu iliyoongezewa NAD+ hiyohiyo ya nanomola 100. Hicho cha tatu ndicho watu hukiruka wakiona ni kupoteza nafasi. Kitaonekana faida yake tukifika kwenye kisa cha zabibu, mwishoni.

Pleti nzima iko giza

Angalia kwanza kisima cha NAD+ uliyoipima mwenyewe. Kama nacho ni giza, acha seli zako kabisa. Tatizo liko kwenye kitendanishi au kwenye mashine. Mashine ni rahisi kuithibitisha. Je, imewekwa kusoma mwanga unaojitokea wenyewe, au bado iko kwenye mpangilio wa mtu wa asubuhi aliyekuwa anapima rangi? Je, kuna kichujio kimebaki njiani? Je, pleti ni nyeupe? Pleti nyeusi inaua sehemu kubwa ya mwanga, na ile ya uwazi inauvujisha kwa majirani.

Mashine ikiwa safi, rudi kwenye kitendanishi. Hapa kuna jaribio ninalolipenda kwa sababu linajibu kwa dakika chache. Weka NADH kwenye kisima kimoja na NAD+ kwenye kingine, kiwango sawa. NADH ikiwaka na NAD+ ikakaa giza, kimeng'enya cha mzunguko hakimo: umesahau kukitia, au kimekufa. Vyote viwili vikiwa giza, chukua lusiferini tupu, ile iliyo huru tayari, ukaitie kwenye kitendanishi hichohicho. Ikiwaka, lusiferasi ni nzima na kosa liko kwenye reduktasi au kwenye lusiferini iliyofungwa. Isipowaka, lusiferasi yenyewe imekwisha.

Na kwa nini iwe imekwisha? Kwetu jibu huwa ni safari au umeme. Boksi la vitendanishi linashuka Dar es Salaam, linapanda kilomita kama 450 hadi hapa, na barafu inaweza kuyeyuka njiani bila mtu kujua. Kisha linaingia kwenye friza ambayo umeme unaweza kukatika Jumamosi usiku na kurudi Jumapili alfajiri. Jumatatu unakuta kila kitu kimeganda vizuri kama hakuna lililotokea. Kinga yangu ni bilauri ya maji. Yagandishe, kisha weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu na uiache humo kwenye friza. Siku ukifungua na kuikuta sarafu imezama katikati ya barafu au iko chini kabisa, friza iliyeyuka na kuganda upya, na vimeng'enya vyako vimepitia hayo hayo. Mwaka mmoja sarafu ile iliniokoa: niliikuta chini kwenye kitako cha bilauri, nikakijaribu kitendanishi kwa NAD+ tupu kabla ya kugusa sampuli za mtu, nikakuta kimebakiwa na nguvu ndogo mno.

Gawa vimeng'enya kwenye vichupa vidogo siku vinapofika, kila kichupa cha kutosha pleti moja. Kugandisha na kuyeyusha kichupa kilekile mara tano ni kukiua taratibu.

Kisima kitupu kinawaka

Yaani kile kisicho na seli. Hili linaudhi kuliko giza, kwa sababu linaficha tofauti ndogo ambazo ndizo ulizozitafuta.

Sababu ya kwanza ya kuiwinda ni kemikali zinazotoa elektroni. Lusiferini iliyofungwa inafunguliwa kwa kupewa elektroni, na haijali zimetoka kwa NADH au kwa kitu kingine. Dithiothreitoli na merkaptoethanoli, ambazo watu huzitia kwenye bafa ya protini kwa mazoea, zinaifungua zenyewe bila reduktasi. Kama bafa yako ya kuvunjia seli imeazimwa kutoka kwa jirani anayefanya kazi ya protini, soma kibandiko chake kabla ya kuitumia.

Ya pili ni jua. Plastiki nyeupe ikikaa karibu na dirisha au chini ya taa kali inaubeba mwanga na kuendelea kuutoa kwa dakika kadhaa. Jua la Dodoma halina mchezo, na maabara nyingi hapa zina madirisha makubwa. Jaribu mwenyewe: acha pleti tupu dirishani, isome mara moja, kisha iache dakika 5 ndani ya mashine gizani uisome tena. Tofauti itakushangaza. Tangu hapo sisi kila pleti inakaa gizani dakika 5 kabla ya kusomwa, na vitendanishi vyote vinafunikwa kwa karatasi ya foili.

Ya tatu ni maji. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka visimani, mengi kutoka Makutupora, na yeyote aliyewahi kufungua birika la umeme hapa ameona ule ukoko mweupe. Ukoko huohuo unajenga ndani ya mtambo wa kuchemsha na kukusanya mvuke, na mtambo usiposafishwa maji yanayotoka hayawi safi tena. Zaidi ya chumvi, maji yaliyokaa kwenye dumu wiki mbili yanaota bakteria, na bakteria ni seli, zina NAD yake. Tumia maji ya siku hiyo. Ukishuku, tengeneza kisima kitupu kimoja kwa maji yako na kingine kwa maji ya sindano ya hospitali, ulinganishe.

Ukisoma mara mbili, namba zimepanda

Hilo si kosa. Mzunguko unaendelea kutengeneza lusiferini, kwa hiyo mwanga unapanda kadiri muda unavyokwenda. Kinachotakiwa ni muda uleule kila siku. Chagua kati ya dakika 30 na 60 baada ya kutia kitendanishi, uandike, usiachane nao.

Tatizo la kweli limejificha kwenye joto. Vimeng'enya vingi hukaribia kuongeza kasi maradufu kwa kila nyuzi 10. Pleti ya saa 2 asubuhi mwezi wa saba, chumba kikiwa nyuzi 18, na pleti ya saa 9 mchana mwezi wa kumi na moja, chumba kikiwa nyuzi 31, haziwezi kutoa namba zinazofanana hata ukitumia sampuli ileile. Ndiyo maana namba tupu za mwanga hazilinganishwi kati ya siku na siku. Zipitishe kwenye mkunjo wa viwango, yaani mchoro wa mwanga wa viwango vya NAD unavyovijua, uliokaa kwenye pleti hiyohiyo, chumba hichohicho, saa hiyohiyo. Kitendanishi kikitoka kwenye jokofu kiache kifikie joto la chumba kwanza, la sivyo safu uliyoanza kutia itakuwa baridi kuliko ya mwisho, na utaona mteremko mzuri kutoka kushoto kwenda kulia ambao hauhusiani na dawa yoyote. Kama maabara ina chumba cha kiyoyozi, hata kiwe kidogo, pleti ikae humo.

NAD+ na NADH hazitengani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, nami napenda tusimame kidogo.

Kutenganisha kunategemea ukweli mmoja wa kikemia: NADH inaharibika kwenye asidi, NAD+ inaharibika kwenye besi yenye joto. Unavunja seli kwenye besi yenye sabuni, unagawa mara mbili, nusu moja unaitia asidi, kisha zote mbili unaziweka nyuzi 60 kwa dakika 15. Penye asidi inabaki NAD+, penye besi inabaki NADH. Ukimaliza unaituliza kila nusu irudi karibu na pH ya kati, kisha unatia kitendanishi.

Dalili ya kwanza: nusu zote mbili zinatoa namba zinazokaribiana, kana kwamba hakuna kilichoharibiwa. Shuku joto. Nilikuwa na hita ya chuma iliyoonyesha 60 kwenye kioo chake. Nilipochomeka kipimajoto ndani ya mrija wenye maji nikasoma 51. Dakika 15 za nyuzi 51 hazitoshi. Pima ndani ya mrija, usiamini kioo. Shuku pia besi yenyewe: hidroksidi ya sodiamu iliyokaa chupa wazi inavuta hewa ya ukaa na kudhoofika kidogo kidogo. Itengeneze upya kila mwezi, kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachokaza.

Dalili ya pili: nusu moja iko giza kabisa, na hata sampuli iliyoongezewa NAD+ haiwaki. Hiyo ni pH. Asidi au besi haikutulizwa ipasavyo na vimeng'enya vimekaangwa. Chukua mikrolita 1 ya sampuli iliyotulizwa, idondoshe kwenye karatasi ya pH. Ikigeuka nyekundu au buluu iliyokolea, umepata jibu kwa gharama ya tone moja. Nafanya hivi kwenye sampuli ya kwanza ya kila pleti, na mara nyingi kosa ni pipeti iliyochakaa inayotoa mikrolita 22 ikiambiwa 25.

Dalili ya tatu: NADH yako ya kiwango, ile uliyoinunua, haiwaki kama inavyopaswa. Unga wa NADH haupendi unyevu wala mwanga, na ikishayeyushwa haipendi asidi. Bafa ya fosfeti nayo inaiharakisha kuharibika. Iyeyushe kwenye bafa yenye besi kidogo, iweke kwenye barafu, itumie siku hiyohiyo. Kisha ithibitishe kwa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaomezwa na sampuli, kabla hujailaumu pleti: mikromola 100 ya NADH katika kioo cha sentimita 1 inapaswa kusoma karibu 0.62 kwenye nanomita 340. Ukisoma 0.40, unga wako umeshapoteza zaidi ya theluthi, na mkunjo wote ulioujenga juu yake ni wa uongo.

Dalili ya nne ni ya kitabuni. Mwanafunzi anapata uwiano wa NAD+ kwa NADH wa 5, anafungua kitabu anakuta mamia, anakata tamaa. Mwanabiokemia Hans Krebs na wenzake waliochapisha mwaka 1967 kuhusu ini la panya walikokotoa uwiano wa zile zilizo huru ndani ya sitoplazma. NADH nyingi ya seli imeng'ang'ania protini. Sisi tunavunja kila kitu kwa besi na kuhesabu huru na iliyoshikwa kwa pamoja, kwa hiyo uwiano mdogo, mara nyingi kati ya 3 na 10, ndio wa kutarajia.

Kama ni NAD+ peke yake inayoyumba kutoka kisima hadi kisima, jiangalie mikono. Seli iliyovunjika nusu ina vimeng'enya vinavyoila NAD+, CD38 na PARP vikiwemo, na vinaila haraka. Seli zisikae kwenye bafa mezani ukijibu simu. Mwaga chakula chake, kile kimiminika zinamooteshwa, suuza, tia besi yenye sabuni papo hapo.

Mkunjo unalala juu

Seli ni nyingi mno. Vipimo vingi vya aina hii vinakwenda sawasawa kati ya nanomola 10 na 400 tu. Piga hesabu kabla: seli ya kuoteshwa yenye ujazo wa pikolita 2 na NAD ya mikromola 300 inabeba femtomoli 0.6. Nanomola 400 katika mikrolita 50 ni pikomoli 20. Gawanya, unapata seli kama 33,000. Ukiweka 50,000 ukitarajia mwanga zaidi, utapata mstari uliolala, na dawa inayopunguza NAD kwa robo haitaonekana. Mimi naanza na 10,000.

Visima vya pembeni viko tofauti

Ukavu. Kati ya Juni na Oktoba hewa yetu inakausha kila kitu, na visima vya ukingoni vinakauka kwanza wakati pleti imelala saa 24 kwenye inkubeta. Jaza safu ya ukingoni maji tupu, funika, usiweke sampuli humo.

Dondoo ya zabibu inaonekana kuua NAD

Nimeiacha mwisho kwa sababu Dodoma ni mji wa zabibu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya muda anakuja kijana na wazo la kupima maganda ya zabibu nyekundu kwenye seli. Ni wazo zuri. Lina shimo moja kubwa njiani.

Aliyenifundisha hilo ni mwanafunzi wa shahada ya pili aliyenipigia simu usiku.

"Shikamoo dada. Samahani kwa usiku. Zabibu zimemaliza NAD yote, dada, imebaki asilimia 20!"

"Marahaba mdogo wangu. Seli zimekufa?"

"Hapana. Nimeziangalia kwa hadubini, ziko safi, zimeshika chini vizuri."

Seli iliyopoteza asilimia 80 ya NAD na bado inapendeza inawezekana; FK866, dawa inayozuia NAMPT, kimeng'enya ambacho seli inakitumia kutengeneza NAD, inaweza kuishusha NAD kwa saa nyingi kabla seli haijafa. Lakini nilimwomba asiandike chochote kwenye daftari la matokeo mpaka asubuhi.

Asubuhi tulitengeneza safu tatu bila seli hata moja. Ya kwanza NADH na kitendanishi. Ya pili hivyohivyo pamoja na dondoo, kwa kiwango alichotumia. Ya tatu lusiferini tupu pamoja na dondoo. Safu ya pili ilishuka karibu kama seli zake zilivyoshuka. Ya tatu nayo ikashuka vilevile. Hapakuwa na seli ya kuuawa humo, na ile ya tatu haikuhitaji NADH wala reduktasi. Kilichokuwa kimezimwa ni lusiferasi.

Maganda ya zabibu nyekundu yana resveratroli, na resveratroli inajulikana kuizuia lusiferasi ya kimulimuli. Rangi ya maganda nayo inameza sehemu ya mwanga kabla haujatoka kisimani. Na polifenoli, kundi la kemikali za mimea ambalo resveratroli imo, zinaweza kufanya kinyume pia, zikatoa elektroni na kuifungua lusiferini zenyewe, kwa hiyo mwingine anaweza kuona NAD "imepanda" kwa dondoo hiyohiyo akibadilisha kiwango. Jambo hili linawahusu wote wanaopima mimea, iwe ubuyu, rosela au mlonge, na hatuwezi kumudu kuchapisha matokeo ya mmea wetu ambayo mtu wa kwanza atakayeyarudia atayaangusha.

Dawa yake ni hii. Mwaga chakula chenye dondoo kabla ya kuvunja seli, suuza mara mbili kwa bafa yenye vuguvugu ukielekeza pipeti kwenye ukuta wa kisima zisibanduke. Weka kile kisima cha tatu nilichokitaja mwanzo, sampuli iliyoongezewa nanomola 100: ukitoa sampuli yenyewe, ile nyongeza lazima irudi kati ya asilimia 80 na 120, la sivyo namba ya sampuli hiyo usiitumie. Weka FK866 kwenye safu moja uone kipimo kinaweza kuonyesha upungufu wa kweli. Na matokeo yakibaki, yapime mara ya pili kwa njia isiyotumia lusiferasi, kama ile ya kimeng'enya cha alkoholi na rangi ya formazani, ambayo spektrofotomita ya kawaida inaisoma.

Yule kijana alisuuza mara mbili, akarudia pleti nzima. NAD yake ikasoma asilimia 92 ya seli zisizopewa kitu, na nyongeza ikarudi asilimia 97. Alikaa kimya muda mrefu akiiangalia karatasi, kisha akaniuliza kama anaweza kupunguza dondoo mara kumi na kuacha seli nayo siku tatu badala ya moja. Nikamwambia aanze Jumatatu, na safu ya lusiferini tupu asiitoe.